Kuyeyusha Si Kusafisha: Tunachokosea Kuhusu Nikeli na Matanuri ya Umeme

Kila inapozungumzwa habari ya kuongeza thamani ya madini hapa Nakuru na kule Kisumu, siku hizi hakukosi mtu wa kutaja nikeli. Hoja yenyewe inavutia. Tanzania ina nikeli Kabanga, wilayani Ngara. Burundi ina nikeli Musongati. Sisi tuna umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao haujui usiku wala kiangazi. Basi na tujenge matanuri ya umeme, tuyeyushe madini ya majirani na kuuza feronikeli, yaani mchanganyiko wa chuma na nikeli, badala ya kutazama udongo wa Afrika ukipakiwa melini. Wanaoitoa hoja hii huileta Indonesia kama shahidi wao. Nakubaliana na nia yao, lakini nadhani wamekosea mahali pa kuanzia. Tanuri la feronikeli ni mteja wa umeme asiyelala, na metali inayotoka ndani yake bado haifai kuuzwa. Thamani inayotafutwa imo katika mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye picha za uzinduzi: umeme usiokatika kwa bei inayobebeka, na ujuzi wa kusafisha metali ikiwa imekwisha kuyeyuka. Katika hilo la pili eneo letu lina nafasi ya kweli, ila njia yake inapitia kwenye vyuma chakavu, si kwenye migodi ya jirani.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Madini ya nikeli yako ya aina mbili kuu, na kila aina ina njia yake. Ya Kabanga ni ya sulfidi, yaani nikeli imefungamana na salfa ndani ya mwamba mgumu. Madini ya namna hiyo hayapelekwi kwenye tanuri la feronikeli. Husagwa, yakachujwa kwa kuelea majini, kisha yakasafishwa kwa njia nyingine, na mpango uliotangazwa Tanzania ni wa kiwanda cha kutumia kemikali na maji kule Kahama. Ya Musongati ni ya laterati, udongo mwekundu uliotokana na miamba iliyooza kwa mvua na joto kwa mamilioni ya miaka. Huo ndio udongo unaoweza kuwa feronikeli. Kwa hiyo nusu ya hoja inaanguka kabla hatujafika kwenye umeme, kwa sababu nikeli iliyo karibu nasi zaidi kwa maandalizi ya uchimbaji si ile inayohitaji tanuri tunalolizungumzia.

Tuufuate basi udongo wa laterati. Ule unaofaa tanuri huwa na nikeli ya asilimia 1.5 hadi 2.5, na maji yanayoweza kufika thuluthi ya uzito wake. Hukaushwa, kisha huingizwa kwenye tanuru refu linalozunguka, ambamo huchomwa pamoja na makaa ya mawe kwa joto la kati ya nyuzi 800 na 1,000 hivi, hadi maji yaliyojificha ndani ya mawe yenyewe yatoke na sehemu ya oksijeni ianze kuondoka. Ukiwa bado moto, huo udongo huangushwa kwenye tanuri la umeme. Humo huning'inia elektrodi tatu au sita, magogo ya kaboni manene kuliko pipa la mafuta, na umeme hupita kati yao ndani ya mavi ya chuma, yaani taka ya mawe iliyoyeyuka, yakapata joto la nyuzi 1,550 na zaidi. Metali, kwa kuwa ni nzito, hushuka chini. Mavi huelea juu. Kinachohitaji ustadi hapo ni kipimo cha makaa. Oksidi ya nikeli huachia oksijeni yake kwa urahisi kuliko ya chuma. Ukizidisha makaa, chuma kingi mno kinaingia kwenye metali na nikeli inazimuliwa. Ukipunguza, nikeli inabaki kwenye mavi na kumwagwa nje. Anayelisimamia tanuri kama hilo hukiruhusu chuma kidogo kiingie kwenye metali na kukiacha kingi kiende na mavi, kwa makusudi kabisa, ili apate feronikeli yenye nikeli ya asilimia 20 hadi 40.

Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Metali inayotobolewa kutoka kwenye tanuri la umeme imebeba uchafu wote wa safari yake: salfa iliyotoka kwenye makaa na mafuta ya kuchomea, fosforasi ya udongo na ya makaa, silikoni, na kaboni. Salfa inaweza kuwa asilimia 0.2 au 0.3, ilhali mwenye kiwanda cha chuma kisichoshika kutu, ile stenlesi ya mafundi wetu, huitaka iwe chini ya asilimia 0.05. Hana kiburi anapokataa, kwa sababu salfa hukifanya chuma kipasuke kikiwa moto, kinapoviringishwa kuwa bamba, nayo fosforasi hukifanya kivunjike kikiwa baridi. Kuziondoa ni kazi ya ndoo kubwa ya kumiminia iliyojengewa matofali ya kuhimili moto, na ugumu wake ni kwamba uchafu huu wa aina mbili hautoki kwa dawa moja. Salfa hutaka mazingira yasiyo na oksijeni, pamoja na chokaa, kabidi ya kalsiamu au magadi. Fosforasi hutaka kinyume chake, yaani oksijeni ipulizwe na mavi yenye chokaa nyingi yaipokee. Tena baada ya kila hatua mavi hayo lazima yakwanguliwe yote, maana yakibaki kidogo na mazingira yakabadilika, fosforasi iliyokwisha kutoka hurudi kwenye metali kana kwamba hakuna kilichofanyika. Silikoni na kaboni huunguzwa kwa oksijeni, nazo hutoa joto linalopaswa kuhesabiwa lisije likala matofali. Mwishoni metali humiminwa majini iwe chembe kama kokoto, au kwenye kalibu iwe vipande. Mnunuzi hulipia cheti cha vipimo kinachoandamana na chembe hizo, na moto uliowaka kabla ya hapo si hoja kwake.

Wahunzi wa Samia, kule Busia, waliufahamu ukweli huu bila maabara. Milima ya Samia ina mawe ya chuma, na kabla ya majembe ya viwandani kufika, majembe ya Wasamia yaliuzwa kwa majirani zao, Waluo wakiwamo. Tanuru la udongo na mivuo halikufikia joto la kukiyeyusha chuma kikawa maji. Lilitoa bonge lenye matundu, chuma na mavi vikiwa vimeshikamana, na mhunzi alilirudisha motoni na kulipiga nyundo, akalirudisha tena na kulipiga tena, mpaka mavi yakaruka nje kama cheche. Jembe lililovunjika shambani lilikuwa la mhunzi aliyeharakisha kupiga, hata kama mivuo yake ilifanya kazi nzuri. Nasikitika kwamba tunapoyataja matanuri leo tunautaja moto peke yake.

Sasa tuipime Indonesia kwa haki, kwa sababu mafanikio yake si ya kubuni. Ilizuia usafirishaji wa madini ghafi ya nikeli mwaka 2014, ikalegeza mwaka 2017, ikazuia tena kuanzia Januari 2020. Umoja wa Ulaya uliishtaki katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2022 jopo likaamua dhidi ya Indonesia, ambayo ilikata rufaa na kuendelea. Leo nchi hiyo huchimba zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia, na kwa takwimu za serikali yake mauzo ya bidhaa za nikeli yalipanda kutoka dola bilioni chache kwa mwaka hadi zaidi ya bilioni 30. Mwafrika anayeyatazama hayo na kuuliza "mbona sisi hapana?" anauliza swali halali. Lakini tazama kilichokuwapo Morowali, kisiwani Sulawesi, pamoja na marufuku hiyo. Kulikuwa na udongo mwingi kando ya bandari. Kulikuwa na mitambo ya umeme wa makaa ya mawe iliyojengwa kwa ajili ya matanuri peke yake, nje ya gridi ya taifa. Kulikuwa na mtaji na mafundi kutoka Uchina waliokwisha kujenga matanuri kama hayo kwao. Na ng'ambo ya barabara ya kiwanda kulikuwa na mnunuzi, yaani kiwanda cha stenlesi kinachopokea metali ikiwa bado ya maji, bila kuipoza na kuiyeyusha upya. Marufuku iliwaleta wawekezaji haraka zaidi, lakini haikuwapa umeme wala mnunuzi.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile isemayo kwamba tukifunga mlango wa madini ghafi, matanuri yatajileta yenyewe. Afrika Kusini inaijibu vizuri kuliko mimi. Nchi hiyo inakadiriwa kuwa na zaidi ya asilimia 70 ya rasilimali ya kromiti (mawe yenye kromiamu) duniani, na kwa miaka mingi iliongoza katika kuyeyusha ferokromi, mchanganyiko wa chuma na kromiamu, kwenye matanuri ya umeme yanayofanana sana na haya ya feronikeli. Haikukosa udongo, haikukosa mafundi, wala haikukosa bandari. Ilichokosa ni umeme wa bei nafuu. Bei ilipopanda mwaka baada ya mwaka na mgao wa umeme ukawa jambo la kila wiki, matanuri yalizimwa moja baada ya jingine, na mwaka 2025 mitambo mikubwa ya Boshoek na Wonderkop ilisimamishwa. Kromiti sasa inasafirishwa ikiwa ghafi kwenda Uchina, nchi isiyo na kromiti ya kutosha yake yenyewe, ambayo ndiyo inayoongoza kuiyeyusha. Ugiriki nayo ilikuwa na kiwanda cha feronikeli huko Larymna kilichokaa juu ya udongo wake mwenyewe. Kilisimama mwaka 2022 kikiwa na deni kubwa la umeme. Nchi hizi mbili hazifanani kwa lolote isipokuwa bili.

Wenye hoja ya Olkaria watajibu kwamba hapo ndipo sisi tunapotofautiana na wengine, na jibu lao lina nguvu. Mvuke wa ardhini hutoa umeme saa zote. Usiku wa manane, mahitaji yanaposhuka, kuna mvuke unaoachiwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Mteja anayekula umeme kwa kiwango kilekile mchana na usiku ndiye mteja ambaye mtambo wa mvuke ungemwomba Mungu. Nisiyeafiki mradi wa nikeli nalikubali hilo bila kusita. Tatizo ni ukubwa wa huyo mteja. Matanuri ya kisasa ya feronikeli huanzia megawati 40 hivi na mengine hupita 80, kila moja. Mtambo wa Sosian pale Menengai, ambao ulianza kazi mwaka 2023 na ambao mvuke wake tunauona juu ya mji wetu asubuhi za baridi, ni wa megawati 35. Wote mzima usingetosha tanuri moja dogo. Kilele cha mahitaji ya nchi nzima kilivuka megawati 2,300 mwaka 2025, na wakati huohuo maeneo ya magharibi yamezoea umeme kupungua au kukatwa jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa. Mvuke unaopotea ni wa usiku wa manane, ilhali tanuri litataka umeme na saa moja jioni pia, likishindana na hospitali za Kakamega na majokofu ya samaki ya Kisumu.

Tuongeze hesabu ya bei. Tani moja ya udongo uliochomwa hutumia takriban uniti 500 za umeme ndani ya tanuri. Ukiwa na nikeli ya asilimia 2, utahitaji tani 50 za udongo huo kwa tani moja ya nikeli, yaani uniti 25,000, bila kuhesabu hasara. Kwa senti 10 za dola kwa uniti, bei ambayo wenye viwanda wetu wengi wangeipokea kwa shangwe, hiyo ni dola 2,500. Nikeli ilipita dola 100,000 kwa tani kwa muda mfupi mwezi Machi 2022, siku ya fadhaa kwenye soko la London, lakini mwishoni mwa mwaka 2024 ilikuwa imeshuka karibu na 15,000, nayo ikakaa karibu na hapo mwaka 2025 kwa sababu Indonesia ilizalisha kwa wingi. Kwa bei hiyo, sehemu moja kati ya sita ya mapato ingemezwa na tanuri la umeme peke yake, kabla ya udongo, makaa ya mawe ambayo hatuna, reli, mishahara na riba. Kule Kaledonia Mpya, ambako nikeli imeyeyushwa kwa zaidi ya karne, kiwanda cha Koniambo kilizimwa mwaka 2024 na zaidi ya wafanyakazi 1,000 wakapoteza kazi. Si kwa uvivu wao.

Kuna jambo la kukatika kwa umeme ambalo takwimu hazilionyeshi vizuri. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ndani ya kiwanda kidogo cha kumimina vyuma, chenye tanuri la induksheni, linaloyeyusha kwa sumaku ya umeme, lisilozidi nusu tani, umeme ulipopotea. Hakuna aliyepiga kelele. Msimamizi alishika mpini wa pampu ya mkono na kuanza kuliinua tanuri, vijana wawili wakavuta kalibu za mchanga zilizokuwa karibu, hata ambazo zamu yake ilikuwa haijafika, na metali ikamiminwa popote ilipopata nafasi. Rangi yake ilibadilika tukiitazama, kutoka njano hadi chungwa. Iliyobaki chini, labda kilo 60, iliganda, na kesho yake walitumia nyundo na patasi kuitoa pamoja na tabaka la ndani la tanuri. Hiyo ilikuwa nusu tani. Tanuri la feronikeli hubeba mamia ya tani, na haliwezi kuinuliwa kumwagwa. Saa moja bila umeme huvumilika, kwa sababu tabaka la juu hulihifadhi joto. Siku nzima ni msiba: mavi huganda, elektrodi, ambazo hujiokea zenyewe kwa joto la tanuri, hupasuka, na matofali husinyaa yakaacha nyufa ambazo metali itazitafuta tanuri likiwashwa tena. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani, na sehemu nyingine zilikaa hivyo hadi kesho yake. Umeme wa taifa ulianguka tena Novemba mwaka huohuo, na tena Septemba 2024.

Wapo pia wasemao kwamba Kenya imekwisha kuyeyusha chuma kwa umeme kwa miaka, Athi River, Ruiru na Mombasa, kwa hiyo nikeli ni hatua moja tu mbele. Hapa ndipo kile kichwa cha makala haya kinapokuwa na maana. Matanuri yetu mengi ni ya induksheni, na tanuri la induksheni huyeyusha bila kusafisha. Kile ulichokiweka ndicho utakachokitoa; ukitia chuma chenye fosforasi, utapata nondo yenye fosforasi. Ubora wa nondo zetu umekuwa ukiamuliwa na kijana anayechambua lundo la vyuma chakavu kabla ya kuingia motoni, na kijana huyo hulipwa kwa kilo, si kwa ubora. Mwaka 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kukosa umeme tarehe 11 Januari, serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Ilieleweka kwa nini. Lakini mjadala ulikuwa wa polisi na wezi tu. Sikusikia mtu akisema kwamba biashara hiyo ndiyo mgodi mkubwa tulio nao.

Nami nasema ni mgodi, kwa maana kamili ya neno. Stenlesi ya kawaida, ile ya matangi ya maziwa, sinki na mabomba ya viwanda vya sukari, ina kromiamu ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8. Tani moja ya hiyo ina kilo 80 za nikeli. Tani moja ya udongo wa laterati, uliosafirishwa kwa reli na meli ya ziwa, una kilo 15 hadi 25, tena baada ya kukaushwa. Nikeli ya kwenye sinki kuukuu imekwisha kuyeyushwa, ikasafishwa salfa na fosforasi yake, na umeme wake mwingi umekwisha kulipwa na mtu mwingine. Kuirudisha kazini kunahitaji uniti mia kadhaa kwa tani ya metali, kwenye tanuri dogo linaloweza kufanya kazi usiku, saa zilezile mvuke wa Olkaria unapopotea, na kuzimwa jioni bila maafa. Inachohitaji zaidi ni spektromita ya kusoma mchanganyiko wa metali, fundi anayejua kuisoma, na ndoo safi. Viwanda vya sukari vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vilivyokodishwa kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30 mwaka 2025, vitahitaji vali, visukumio vya pampu na vipuri visivyoliwa na maji ya miwa. Kiwanda cha meli cha Kisumu kitahitaji vyake. Vyama vya maziwa vya Bonde la Ufa vinanunua vifaa vya stenlesi kila mwaka. Wanunuzi wako ng'ambo ya barabara, kama walivyokuwa Morowali.

Najua jibu la haraka: kwamba viwanda vidogo vya kumimina havitaajiri maelfu, na kwamba nchi haijengwi kwa visukumio vya pampu. Sehemu ya kwanza ni kweli. Lakini mtu anayejifunza kupunguza fosforasi kwenye ndoo ya tani mbili anajifunza kemia ileile itakayotumika kwenye ndoo ya tani 50, na akikosea gharama yake ni tani mbili. Wale wanaojifunzia kwenye matanuri makubwa hulipa kwa njia nyingine. Tarehe 24 Desemba 2023, mafundi wakikarabati tanuri la nikeli Morowali, lilitokea lipuko lililoua watu 21. Sisi wenyewe tuna Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kila tani ya nikeli ya laterati huacha makumi ya tani za mavi, na yeyote anayependekeza kuyamwaga kati ya Ziwa Naivasha na Ziwa Nakuru anapaswa kutuonyesha kwanza ni wapi hasa.

Kaunti ikitaka kuanza kesho, haihitaji mwekezaji wa nikeli. Inahitaji kununua spektromita moja ya kutumika na mafundi wote kwa ada, kama mashine ya kupimia maziwa kwenye chama cha ushirika, kuiweka kwenye taasisi ya ufundi iliyo karibu na yadi za vyuma, na kuingia mkataba na kampuni ya umeme kuhusu bei ya usiku kwa viwanda vya kumimina. Katika yadi moja ninayoipita hapa Nakuru, mnunuzi ana sumaku aliyoifunga kwa kamba. Huigusisha kwenye kila kipande. Kikishika anakitupa kushoto, kisiposhika anakitupa kulia, kwa kuwa nikeli huifanya stenlesi nzuri isivutwe na sumaku. Anajua hilo bila kujua sababu yake. Kulia kwake juzi kulikuwa na tangi la maziwa lililopasuka, milango miwili ya friji ya hoteli na mabomba yaliyokatwa vipande vya futi mbili mbili, na lori lilikuwa linangojwa kuvipeleka Nairobi, vyote kwa bei moja kwa kilo.